Jino la Levi na Ini la Waziri

Kibomet, Kitale
24 Novemba 2002

Kwako Senge Sellah,

Mulembe! Soma barua hii ukiwa umeketi, kwa sababu anayekuandikia ndiye mwenye meno ya sifa kuliko watu wote kutoka Mlima Elgon mpaka Webuye. Sitanii. Ile mashine ya kupima unyevu wa mahindi hapa stoo iliharibika, na mwenye stoo, Bwana Sukhwinder, hajaitengeneza. Ya nini, na Levi yuko? Mkulima akifungua gunia, mimi nachota punje moja, naiweka kwa gego, nauma. Ikilia ka! imekauka, weka kwa mizani. Ikinyamaza, rudisha kwa turubai, baba, jua bado lipo. Juzi mzee wa Saboti aliapa kwa jina la mama yake ati mahindi yake ni makavu kama mifupa. Nikauma. Nikamwambia, "Mzee, haya yalinyeshewa juzi, tena gunia lilikuwa karibu na mlango." Akavua kofia! Sasa stoo yote wananiita Daktari. Mimi niliyeruka dirisha la darasa la saba nisirudi, leo ni daktari, na wewe, shangazi yangu, uliyesema nitachunga mbuzi za watu mpaka nizeeke, unasemaje?

Nyumba yako iko salama. Paa linavuja jikoni tu, nimeweka sufuria, na usiku linanipigia muziki. Mvua ya mwaka huu imekataa kwenda kwao. Watu wanavuna maji. Asubuhi tunaanika, saa sita tunakunja, jioni tunatukanana. Yaliyooza tunayatenga kando, na Bwana Sukhwinder ana sheria moja: ya kuoza ni ya shimoni nyuma ya stoo, hata kuku asionje. Yeye ni mtu wa sauti ndogo, lakini hiyo sheria huisema akipiga meza.

Sasa Waziri wako. Ulipohamishwa ukaenda kufundisha huko Bumula, ukaniachia funguo na mbwa. Nakumbuka ulilia, na hukuwa unalilia funguo. Basi tulia. Waziri anakula kuliko mawaziri wenyewe. Ugali asubuhi, ugali jioni, mkubwa kama kigoda. Mbwa wa majirani wanalamba sufuria, huyu wako anaandaliwa. Unga kwangu si shida, wewe usiulize.

Kitu kidogo tu. Siku hizi anaacha chakula. Ananusa, ananiangalia kama mtu aliyeletewa barua ya korti, halafu anaenda kulala kando ya kile kiti cha marehemu Mzee Wabwile pale barazani. Na macho yake yamekuwa na rangi ya kiini cha yai. Nafikiri ni baridi. Nimeanza kumpa muarobaini. Jumapili atakuwa anafukuza pikipiki.

Mimi wako,
Daktari Levi Wangila (wa meno)


Bumula
8 Desemba 2002

Mwanangu Levi,

Salamu zako zimefika, na meno yako yamefika pamoja nazo. Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako mwenyewe. Alama nyekundu ni zangu. Umekuwa daktari kabla hujajua mahali pa kuweka nukta, lakini Mungu ni mwema.

Sisi tu wazima. Dada yako Joy amefunga shule, amekuwa mrefu kunipita, na amesoma barua yako kwa sauti mpaka Kukhu, nyanya yako, akasahau goti linalomuuma akacheka. Kuku wangu wameanza kutaga. Yule mwekundu anatafuta mahali pa kulalia mayai, na nimemtengea kikapu.

Sasa nisikilize. Macho ya kiini cha yai si baridi. Niliyaona macho ya rangi hiyo katika nyumba hiyo hiyo unayolala, na wakati ule pia palikuwa na mtu aliyesema ni baridi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Waziri si mbwa wa kununuliwa sokoni. Mzee Wabwile alimtoa Matulo akiwa mdogo wa kutosha mfukoni mwa koti, akamlea kwa maziwa ya chupa, mimi nikimcheka. Wanadamu waliokuja matangani waliondoka siku ya nne. Mbwa hakuondoka. Nikifikiri akifa, sijui nitakuwa nimebakiwa na nini kinachomjua mume wangu kwa harufu.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, si wa meno. Na uniambie anakula nini. Umeniandikia nisiulize. Nauliza.

Senge yako,
Sellah


Kibomet, Kitale
5 Januari 2003

Kwako Senge Sellah na Joy mrefu,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote, na goti la Kukhu nalo lipate serikali mpya kama nchi. Nimeziona alama zako nyekundu. Barua ilikuwa kama imechinjiwa kuku juu. Mimi sikununa. Nimeweka nukta nyingine hapa chini za akiba, uzipande mahali unapotaka: .........

Natumaini Kimeli, dereva wetu wa lori, aliteremsha lile gunia la chakula cha kuku kabla ya Krismasi. Hiyo ni zawadi kutoka kwangu. Wewe lisha tu, watataga mpaka mkome. Mimi Krismasi niliipitisha stoo, kwa sababu mahindi hayajui Yesu amezaliwa.

Nilimpeleka Waziri kama ulivyosema. Alikataa kutembea, basi nikamweka kwa wilbaro, nikampitisha katikati ya Kibomet. Watoto wakaimba nyuma yetu. Kama kuna waziri aliyewahi kupokewa vile bila kutoa chochote, nionyeshe.

Daktari anaitwa Chelangat. Ni mama mfupi mwenye buti za mvua na hana muda wa stori. Akainua mdomo wa Waziri, akasema, "Ona ufizi." Nikaona. Ulikuwa manjano.

"Mkojo wake ni wa rangi gani?"

"Kama strungi, Daktari. Chai isiyoona maziwa."

Akambonyeza tumbo upande wa kulia. Waziri akalia kidogo, kama mtu anayeona haya.

"Anakula nini?"

"Ugali."

"Ugali wa unga gani?"

"Wa mahindi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, hata mimi sikufikiri ni wa kokoto."

Nikamwambia anakula vizuri kuliko mbwa wote wa mtaa, halafu nikamweleza habari za jino langu na yule mzee wa Saboti. Hakucheka. Wasomi wengine ni hivyo.

Anasema labda ni ini. Labda. Ini, Senge, likiugua linaweza kuwa na sababu nyingi: minyoo, ugonjwa wa kuambukizwa, uvimbe, nyongo kuziba, sumu. Macho ya manjano hayasemi ni ipi. Njia ni hizi. Kwanza, achukue damu, itumwe maabara, wasome ini linafanya kazi kiasi gani. Damu ikisema mambo ni mabaya, kuna picha ya tumbo, lakini mashine haiko hapa. Na mwisho kabisa kuna sindano ndefu ya kuchota kipande cha ini chenyewe. Ama tuache vipimo vyote, ampe dawa kwa kubahatisha tuone. Amesema mbwa ana mwenyewe, mwenyewe aamue.

Mimi kwa maoni yangu ya kitaalamu naona tusikimbie. Muarobaini haujamaliza kazi. Kupima kupima huku kunaweza kumtisha mgonjwa bure. Ili asikatae chakula, nimeanza kumchanganyia ugali na mchuzi wa matumbo, na sasa anamaliza sahani. Umeona akili?

Daktari Levi


Bumula
26 Januari 2003

Mwanangu Levi,

Barua yako nimeikuta ofisini chini ya mlima wa karatasi. Shule zimekuwa za bure na watoto wamekuja kama kumbikumbi. Darasani kwangu wengine wanakaa dirishani, na mmoja ana ndevu za kutosha kuolea. Nafundisha nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu ndani hakuna mahali pa mguu wangu. Lakini furaha ipo. Hakuna anayeruka dirisha siku hizi, kwa kuwa limejaa watu.

Gunia la kuku lilifika, Mungu akubariki. Kuku mwekundu ameangua. Vifaranga wake ni wa kupendeza, wanapita uani kama maua yanayotembea.

Juu ya vipimo, jibu langu ni hapana.

Nitakwambia jambo ambalo sikuwaambia ninyi watoto. Walimchoma Mzee Wabwile sindano ubavuni siku ya Jumatano. Hiyo hiyo, ndefu. Mimi nilisimamishwa nje ya mlango. Walisema majibu yatakuja yakituonyesha njia. Yalikuja kweli, kwenye bahasha ya kahawia, na aliyeyaleta alinikuta nikifua mashuka ya matanga. Sijaifungua bahasha ile mpaka leo.

Kwa hiyo asitobolewe. Daktari ampe dawa. Nawe umpe chakula kizuri umlaze pakavu. Kama ni kufa, afe akiwa na damu yake yote.

Umesema anakula ugali wa mahindi na mchuzi wa matumbo. Umejibu nusu. Mahindi ya wapi?

Senge yako,
Sellah


Kibomet, Kitale
11 Februari 2003

Kwako Senge,

Shikamoo. Leo nakuamkia vizuri kwa sababu nataka kubishana nawe.

Salamu za huku ni chache. Mvua imekwisha, vumbi limerudi. Mimi ni mzima, nimenenepa mashavu, na kuna msichana anaitwa Jerop muuza ndizi ambaye ananiangalia, hata kama yeye anasema anaangalia mizani.

Waziri hayuko sawa. Nilikwambia Jumapili atafukuza pikipiki. Jumapili zimepita nyingi. Tumbo limevimba, mgongo umekuwa kama paa la nyumba. Muarobaini nilimpa mpaka akaniuma kidole, na nilifurahi aliponiuma, nikasema nguvu anazo. Sasa hata haniumi. Jana mwuza maziwa aliingia mpaka jikoni, akatoka, Waziri akatikisa sikio moja tu. Mwuza maziwa mwenyewe akaniuliza, "Kwani amestaafu?"

Senge, mimi ndiye niliyesema tusikimbie kupima. Naondoa hayo maneno. Hata mtaalamu hubadilisha dawa. Na wewe naomba ubadilishe, bila hasira. Si wewe uliyekuwa ukitupima kila Ijumaa, tulie tusilie? Nilikuuliza siku moja kwa nini unatutesa, ukanijibu kwamba asiyepimwa hafundishiki, anachapwa tu gizani. Mimi nilipata mbili kwa kumi siku hiyo. Sasa Waziri anachapwa gizani. Daktari Chelangat anampa dawa hii, haifanyi, anampa ile, haifanyi. Anasema ni kama kurushia ndege mawe usiku.

Damu si ile sindano ya ubavuni. Ni mguuni, kama ya mtoto wa kliniki. Mimi nitamshika. Nikubalie hiyo moja.

Juu ya mahindi, mahindi ni ya Trans Nzoia, Senge. Kuna mengine?

Levi


Bumula
20 Februari 2003

Levi,

Sina wino mwingi wala muda mwingi. Tu wazima, isipokuwa kifaranga mmoja ameamka na mabawa yaliyolegea.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nilitaka kukurudishia na alama nyekundu, nikakuta sina pa kuziweka. Nilimchukia yule aliyeleta bahasha, na yeye alikuwa tarishi tu. Kilichoniumiza ni kwamba nilingoja mpaka macho yakawa manjano kabisa ndipo nikaita mtu, halafu nikakilaumu kipimo kwa kuchelewa kwangu.

Achukue damu. Ile ya ubavuni bado nasema hapana.

Usifikiri sikuona ulivyonijibu habari ya mahindi.

Senge yako


Kibomet, Kitale
16 Machi 2003

Kwako Senge Sellah,

Mulembe mwingi. Wewe unaendeleaje na watoto wa dirishani? Kukhu goti? Jerop amenipa ndizi mbili bure, na mimi nikamwonyesha jino. Mambo yanakwenda.

Damu ilichukuliwa. Waziri alisimama kama askari. Aliyefumba macho nilikuwa mimi, lakini hilo Daktari Chelangat ameahidi kutomwambia mtu.

Majibu yamerudi kutoka maabara. Nilifungua bahasha mwenyewe na sikuelewa hata mstari mmoja, na nilikuwa nimewaambia watu wa stoo nitawasomea. Daktari akanieleza. Ini limeumia. Halijafa, limeumia, na linavujisha kwenye damu vitu vinavyopaswa kukaa ndani. Minyoo si yenyewe, hiyo alishaipiga dawa. Ugonjwa wa kuambukizwa hauonekani, wala nyongo haijaziba. Vimebaki viwili: uvimbe ama sumu. Ukiwa uvimbe, hakuna la kufanya ila kumstarehesha. Ikiwa sumu, na sumu ikakatwa, ini lina tabia ya kujijenga tena. Kwa hiyo anataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na damu peke yake haimwambii.

Akaniuliza kama jirani ametega panya kwa sumu. Nikasema sijui. Akauliza kama kuna dawa ya kupe imemwagika. Nikasema hapana. Akauliza tena anakula nini, mara ya tatu hii. Nikasema ugali, kama kawaida.

Basi ndiyo anasema imebaki ile sindano. Na hakuficha. Ini likiwa gonjwa, damu haigandi haraka, mbwa anaweza kuvuja ndani kwa ndani asiamke. Ameniambia niandike hivyo hivyo, bila sukari.

Mimi sitakwambia fanya ama usifanye. Hii ni mara ya kwanza sina maoni ya kitaalamu.

Levi


Bumula
30 Machi 2003

Mwanangu Levi,

Nakusalimu kwa utulivu. Kukhu anakusalimu. Joy ameandika kutoka shuleni kwamba hesabu zimemshinda, na mimi nimemjibu kwamba hazijamshinda, zimemchelewesha.

Nina habari mbaya ya kuku. Vifaranga wa kuku mwekundu wamekufa, wakifuatana, wote mabawa chini. Mama yao amebaki akizunguka uani na kuita. Nilifikiri ni kideri, lakini kuku wa jirani wanaoruka ua kuchanganyika na wangu, ila hulishwa kwao, hawana neno. Basi Jumamosi nililifungua lile gunia ulilonitumia nikaingiza mkono mpaka chini. Vumbi la kijani lilitoka, nikapiga chafya mpaka machozi. Nimelimwaga lote chooni. Kuku waliobaki nawapa unga ninaokula mimi.

Sikuulizi kitu juu ya gunia hilo.

Mimi ni mwalimu, Levi. Mtoto akiwa na jibu na asiinue mkono, huwa simtaji jina. Naendelea kufuta ubao polepole. Nangoja.

Sasa Waziri. Nimeomba, nimelia, nimeamua. Ikibidi sindano, achomwe. Afadhali nijue. Jana niliitoa ile bahasha ya kahawia chini ya godoro, nikaifungua. Maneno mengi ya kidaktari, na katikati neno moja nililolielewa. Halikuniua. Nimelala vizuri kuliko nilivyotarajia.

Sharti langu ni moja. Uwe ndani. Umshike kichwa, umsemeshe kwa jina. Mimi sikuruhusiwa kumshika wangu.

Senge yako,
Sellah


Kibomet, Kitale
27 Aprili 2003

Kwako Senge yangu Sellah,

Nianze na salamu nzuri, kwa kuwa ziko. Jana Waziri alimfukuza mwuza maziwa. Hakumshika, na ukweli ni kwamba alikimbia kama mzee aliyesahau kofia, lakini alimfukuza, na mwuza maziwa alimwaga nusu ya mtungi akicheka. "Amerudishwa kazini!" akapiga kelele mpaka barabarani. Ufizi wa Waziri sasa una rangi ya ufizi. Macho bado yana umanjano pembeni, kama shuka lililofuliwa mara moja. Tumbo limeshuka. Daktari Chelangat amechukua damu tena na anasema ini linajijenga. Hatakuwa yule wa zamani. Mafuta hapana, mifupa ya kuchoma hapana, na kila baada ya muda atapimwa maisha yake yote. Lakini yupo, Senge. Hivi ninavyoandika amelala kando ya kiti cha mzee na mguu wake uko juu ya mguu wangu.

Na hakuchomwa sindano.

Hiyo ndiyo stori. Siku yenyewe nilimpeleka, nikamlaza mezani. Nilimshika kichwa kama ulivyotaka. Nikamwita jina. Daktari akanyoa manyoya ubavuni, akapaka dawa. Nikamwambia Waziri, "Usiogope, Waziri, Senge amesema." Akanilamba mkono. Senge, akanilamba huu mkono ninaopikia.

Daktari akasimama na sindano yake akasema, "Kitu kimoja kinanishangaza. Tangu majibu ya damu yaje, huyu mbwa ameanza kupata nafuu kidogo, na mimi sijabadilisha dawa. Nani amebadilisha kitu?"

Nikainama kumkuna Waziri kichwa.

"Kijana, nikimtoboa anaweza kufia hapa mikononi mwako. Mara ya nne na ya mwisho. Amekuwa akila nini?"

Basi nikasema. Nilisema mbio mbio nikimwangalia Waziri sikio. Kwamba ugali wake ulikuwa wa yale mahindi ya kuoza, yale ya shimoni. Kwamba gunia la kwanza nililichukua Novemba Bwana Sukhwinder akiwa amekwenda hekaluni, na mengine baadaye. Kwamba huku kwetu kila mtu anajua mbwa hana tumbo la kuchagua, na moto unaua kila kitu, na ni dhambi kutupa chakula mvua ikiwa imekula shamba. Kwamba siku niliposikia neno sumu nilibadilisha unga kimya kimya, nikampa ninaokula mimi, nikifikiri nikinyamaza itapita.

Daktari Chelangat akaweka sindano chini. Akasema ukungu wa mahindi una sumu ambayo moto hauiui, na kazi yake ya kwanza ni kula ini, la mbwa, la kuku, la mtu. Akasema jibu alilotaka kulitafuta kwa sindano lilikuwa limesimama mbele yake tangu Januari likimweleza habari za meno. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Bwana Sukhwinder nilimwambia mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mtu. Hakupiga meza. Alinipa koleo na mifuko ya chokaa, na kesho yake nikafunika lile shimo peke yangu tangu asubuhi mpaka jua likazama. Na ile mashine ya unyevu ameipeleka kwa fundi, imerudi. Sasa mimi nabeba magunia. Jerop anasema mabega yanapendeza kuliko meno, kwa hiyo hata huku nimefaulu.

Vifaranga wa kuku mwekundu ni wangu pia. Najua unajua. Uliendelea kufuta ubao, na mimi niliona mkono wako ukizunguka mahali pamoja. Haya, nimeinua.

Kukhu asalimiwe, na Joy aambiwe asiogope hesabu. Ningeweza kukomea hapa, ungenisamehe, nakujua. Ungesema Levi hakujua, ni ujinga tu, ni mtoto aliyekosa shule. Daktari alisema hivyo hivyo, na Bwana Sukhwinder pia. Niliwaacha waseme.

Lakini hukunilea kwa nusu ya jibu. Siku ile ya Novemba, kabla sijalibeba gunia la kwanza, nilichota punje moja. Ni mazoea, mkono unakwenda wenyewe. Nikaiweka kwa gego, nikauma. Haikulia. Ilipasuka laini, na uchungu wake ukanishika mpaka kooni. Nikaitema, nikaenda bombani nikasukutua mdomo, nikatema tena.

Jino halikukosea, Senge. Halafu nikabeba gunia nyumbani, nikampikia.

Levi